Kiyoyozi cha Chumba cha Nyuma

Jikoni kulikuwa na joto la tanuri. Lakini ukipita ukumbini na kufungua mlango wa mwisho, baridi ilikupiga usoni kama umefungua friji.

Sajini Glenys Harrow alisimama kizingitini, mguu mmoja upande wa joto, mwingine upande wa baridi. Jana alikuwa ameamuru kisiguswe kitu chochote, kwa hiyo kiyoyozi kilikuwa bado kinanguruma juu ya dirisha. Ndicho kiyoyozi pekee katika nyumba ile. Jikoni kulikuwa na feni ya mezani, na waya wake ulikuwa umechomolewa na kuviringwa vizuri.

Bibi Cessa Warusam alikutwa sakafuni jikoni, mgongo ameuegemeza kabatini, mkononi kitambaa alichokuwa amekilowanisha, nacho kilikuwa kimekauka kabla hajafikiwa. Daktari wa maiti hakuhitaji kufikiri sana. Hakuna jeraha, hakuna sumu. Ni Townsville mwezi wa Desemba, mvua imekataa kuja, na mwili wa kizee umechemka mpaka moyo ukasimama.

"Kutoka pale alipoanguka mpaka hapa, mtoto angetambaa," alisema Konstebo Vinh Dang nyuma yake.

"Na yeye kwa nini hakutambaa?"

"Labda kulikuwa na mtu ndani, Afande. Na mlango ulikuwa umefungwa."

Hilo ndilo lililomfanya Glenys asilale: nani alikuwa amejilaza kwenye baridi huku mama yake akifa kwa joto upande wa pili wa ukuta?

Jina walikuwa nalo. Phineas Warusam, mwana wa marehemu, fundi wa reli. Ofisi ya misaada ilikuwa imemwandika kama mkazi wa nyumba hii. Dang alikuwa ametafuta leseni yake ya udereva hapa Queensland akakuta ilikwisha zamani, akawaandikia polisi wa Australia Magharibi, ambako reli za madini zinachukua watu wengi wa visiwa vya kaskazini, kama huyu. Jibu lilikuwa halijarudi.

"Tuanze na jirani," alisema Glenys.

Merv Haskett alikuwa amekaa barazani kwake na kaptura tu, miguu ndani ya beseni la maji ya barafu. Yeye ndiye aliyepiga simu polisi.

"Niliona jioni imefika, mapazia aliyofunga kwa jua la mchana hayajafunguliwa," alisema. "Mimi si mtu wa kuchungulia watu, Sajini."

"Lakini unaona mapazia."

"Nimehamia hapa tangu majira ya baridi, sina televisheni, unataka niangalie nini?" Alichezesha vidole vya miguu majini. "Nilikwambia jana na leo nakwambia tena. Mtafute yule mwanawe. Zigo lile! Halitoki nje. Halikati majani. Bibi wa watu anasukuma mashine ya majani mwenyewe, kilemba kichwani, jua hilo, na lenyewe limelala kwenye hewa ya baridi usiku na mchana. Kelele ya kiyoyozi chake iko dirishani kwangu."

"Umewahi kumwona?"

"Nimekwambia halitoki."

"Unajuaje basi kwamba yumo?"

"Si namsikia mama yake akiongea naye! Kila jioni. Anamwambia habari za kanisani, nani kaolewa, samaki bei gani. Halafu kila siku lazima amuulize, 'Umepoa, mwanangu? Umepoa vizuri?' Mimi mama yangu hajawahi kuniuliza nimepoa."

"Na yeye hujibu nini?"

Merv alifungua kinywa, akakifunga.

"Bwana Haskett. Umewahi kumsikia akijibu?"

"Vijana wa siku hizi," alisema Merv polepole, "hawajibu wazazi."

Langoni kwa marehemu walikuwa wamekaa wanawake wa kanisani, kwenye viti vya kukunja, na masufuria yaliyofunikwa kwa taulo. Walikuja tangu alfajiri. Glenys aliwaendea kwa mara ya pili asubuhi ile, akachuchumaa mbele ya yule mkubwa wao, Mama Uma, mwanamke mnene mwenye gauni pana la maua.

"Mama, pole tena. Namtafuta Phineas."

Mama Uma alimtazama, kisha akatazama mikono yake. Wenzake waliacha kunong'ona.

"Msubiri Ezra," alisema.

"Ezra ni nani?"

"Mkwewe Cessa. Ameoa kwa Cessa. Yuko njiani, alikuwa visiwani kwenye mazishi mengine. Habari za nyumba hii atakupa Ezra."

"Mimi ni polisi, mama. Mtu amekufa. Kama unajua Phineas alipo na hunipi—"

"Mwanangu," alisema Mama Uma kwa upole, "hata ungekuwa malkia. Msiba una mdomo wake. Mdomo wa huu ni Ezra. Umekula?"

Glenys aliondoka na sahani ya wali na kuku mkononi, bila jibu hata moja.

"Wanamficha," alisema Dang garini.

"Inaelekea."

"Utakula hiyo, Afande?"

Akampa.

Ofisi ya misaada ilikuwa katikati ya mji, na ndani kulikuwa na baridi kiasi kwamba Rosalie Pike, afisa aliyeshughulikia maombi ya unafuu wa umeme, alikuwa amevaa sweta. Alikuwa ameshasikia. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Nieleze ombi lake," alisema Glenys.

"Lilikuwa ombi rahisi kuliko yote. Mjane, pensheni tu, kadi ya wastaafu anayo, bili imemshinda na ameshaonywa kukatiwa. Watu kama yeye ndio msaada wenyewe umewekewa. Ningempitisha siku ileile." Rosalie alivuta mikono ya sweta mpaka vidoleni. "Tatizo mwanawe."

"Endelea."

"Nilimuuliza nani anaishi nyumbani. Akasema mimi na mwanangu Phineas. Nikamuuliza ana kazi? Akasema fundi wa reli. Alilisema kwa fahari. Basi mtu mzima mwenye kazi akiwa ndani ya nyumba, sheria inataka kipato chake kionekane. Nikamwambia alete hati ya mshahara. Akasema hana. Nikamwambia aje naye. Akasema hawezi kuja."

"Kwa nini hawezi?"

"Hakusema. Alirudi tena na tena, kila mara na kofia yake ya kanisani, kila mara jibu hilohilo. Mwisho nikafanya jambo ambalo mkuu wangu asingelipenda. Nilimgeuzia kompyuta aione. Nikamwambia, Mama Cessa, tuandike kwamba unaishi peke yako. Sitauliza zaidi. Sema ndiyo tu, mimi nabonyeza hapa, nenda nyumbani ukawashe unachotaka."

"Akasema nini?"

Rosalie aligusa ukingo wa kompyuta.

"Alisema, 'Binti yangu, siwezi kumtoa mwanangu nyumbani kwa sababu ya umeme.' Akanishukuru. Akaondoka."

"Wewe ulifikiri nini?"

"Nilifikiri anapigwa. Wewe ungefikiri nini? Nimewaona akina mama wengi wa namna hiyo, mwana anamla mpaka mifupa na yeye anamfunika. Nikaandika kwamba mteja anamwogopa mwanawe, nikapeleka kwa wanaoshughulikia wazee. Wana foleni." Alijifuta pua. "Mmemkamata?"

"Bado."

"Mkimkamata naomba nije nimwone uso."

Waliporudi nyumbani kwa Warusam, Glenys alivaa glovu upya akaingia chumba cha nyuma na kufunga mlango, Dang akiwa kando yake. Baridi iliwafanya wakunje mabega.

Kitanda cha mtu mmoja, kimetandikwa shuka limenyooka kama ubao. Shati jeupe limepigwa pasi, limetundikwa. Chini ya kitanda, buti za kazi. Juu ya meza, bilauri ya maji, na kando yake rimoti ya kiyoyozi. Na ukutani, kutoka sakafuni karibu kufika darini, mali: majora ya kitambaa cha maua, yote ya aina moja, mabakuli ya bati ndani ya plastiki, mablanketi mapya, mikeka, seti za vikombe ambazo hazijafunguliwa.

"Duka," alisema Dang. "Mama anaambiwa umeme utakatwa, bwana mkubwa ana ghala. Huu ni wizi, Afande, na ni mwizi mwenye mpangilio."

"Mwizi wa mabakuli?"

"Kila mtu na kipaji chake."

Jana Glenys naye alifikiri hivyo. Leo alikuwa na jibu la Merv kichwani, lile ambalo halikutoka. Alipiga magoti akavuta buti moja. Soli zilikuwa na vumbi limegandia kwenye mifereji. Vumbi jekundu, jekundu la kutu. Alikwaruza kwa ukucha.

"Hili si la hapa."

"La magharibi," alisema Dang. "Kule kwenye machimbo ya chuma kila kitu ni rangi hiyo. Basi amerudi karibuni."

"Karibuni?" Alipitisha kidole juu ya buti, ngozini. Hakuna vumbi hata chembe. Ngozi ilikuwa imepakwa rangi ya viatu, mara nyingi, mpaka rangi imefanya tabaka. "Mtu ameng'arisha juu kwa muda mrefu sana na hakugusa chini. Wewe ungeng'arisha buti unazozivaa na kuacha soli?"

Dang alitazama buti zake mwenyewe.

"Nenda bafuni. Niambie mataulo mangapi."

Dang alienda akarudi. "Moja. Na wembe wa kunyolea wa kiume. Umeshikana kwa kutu, haufunguki."

Glenys alinyanyua mto. Foronya ilinukia sabuni. Hakuna unywele, hakuna alama ya jasho, hakuna bonde la kichwa. Aliinama akakinusa kitanda kizima kutoka juu mpaka chini, kisha akasimama, akaitazama ile bilauri. Maji yalikuwa masafi. Yalikuwa yamewekwa jana asubuhi, pengine ndiyo kazi ya mwisho iliyofanywa na mikono ya bibi yule.

"Dang. Huyu mtu hakukimbia jana."

"Kivipi?"

"Hajawahi kulala hapa. Kitanda hiki hakijalaliwa na mtu."

"Basi mashine ilikuwa inampoza nani?"

Walisimama wakiisikiliza ikinguruma.

Ezra Baira alikuwa na umri wa miaka hamsini na kitu, mrefu, na begi la safari lilikuwa bado begani wakati gari la polisi lilipoegeshwa mbele ya nyumba yake. Macho yake hayakuwa yamelala. Alikuwa amepewa habari uwanjani, aliposhuka ndege.

"Sajini Harrow," alisema Glenys. "Pole kwa msiba."

"Ahsante."

"Nitakuuliza moja kwa moja. Nimezunguka tangu jana na kila mtu ananiambia nikusubiri wewe. Phineas Warusam yuko wapi?"

"Nani aliyekwambia Phineas yupo?"

"Mama yake. Aliwaambia ofisi ya misaada anaishi naye."

Ezra aliliteremsha begi taratibu.

"Aliwaambia hivyo," alisema hatimaye. "Ndiyo. Mama asingeweza kusema vingine." Akachukua funguo. "Njooni."

Alifungua gereji. Hakukuwa na gari. Katikati, juu ya matairi manne ya zamani, kulikuwa na kitu kirefu kimesimama kimo cha kifua, kimefungwa kwa kitambaa na kamba. Glenys alikitambua kitambaa kabla hajakitambua kitu. Yalikuwa maua yaleyale ya yale majora.

"Huyo hapo," alisema Ezra. "Siwezi kukufunulia. Siku yake bado."

Dang alivua kofia.

"Lini?" aliuliza Glenys.

"Miaka minne. Kule magharibi, kwenye reli. Walimpeleka kubadilisha mataruma, yale magogo yanayobeba reli, mchana, joto kama hili, zaidi ya hili, maji yakaisha. Wenzake walimlaza chini ya behewa palipokuwa na kivuli. Akafia hapo." Alisema kama mtu anayesoma tangazo. "Tulimleta nyumbani tukamzika. Mama mwenyewe alimwaga mchanga. Hakuwa na kichaa, Sajini, usije ukaandika alikuwa na kichaa. Alijua mwanawe amekufa kuliko unavyojua wewe."

"Lakini alimhesabu."

"Jiwe lake la kaburi halijafunguliwa. Kwetu mtu huzikwa, halafu jiwe huandaliwa, na ndugu wote wakikusanyika tunalifungua, tunakula, tunacheza ngoma, na siku hiyo ndiyo tunamwachia aende. Kabla ya hapo nafasi yake nyumbani ni yake. Watu wengine huweka picha tu. Mama aliweka chumba." Alishika kamba ya lile jiwe, akaikaza ingawa haikuwa imelegea. "Mke wangu, dada yake Phineas, alimtangulia. Tulifungua jiwe lake yeye kwanza. Ikabaki zamu ya huyu. Vile vitu ulivyoviona chumbani ni vya siku hiyo. Zawadi. Gauni za kinamama."

"Ilipangwa lini?"

"Pasaka ilipita. Pasaka nyingine ikapita. Kila akikusanya, bili inakuja inakula. Nikamwambia, mama, zima hicho kiyoyozi. Akaniambia, 'Ezra, mwanangu alikufa kwa joto. Unataka nimrudishe humo?' Nikamwambia basi na wewe ingia ukae naye. Akasema mtu mzima hakai chumbani kwa mwanawe wa kiume. Nikamwambia njoo kwangu. Akasema, 'Na Phineas nimwache na nani?'"

"Angesema anaishi peke yake," alisema Dang, sauti yake imepanda. "Neno moja tu, wangemlipia. Ile bili ingeshuka, mngefungua jiwe—"

"Konstebo," alisema Glenys.

"Angefungua jiwe, angesema," alijibu Ezra. "Angeenda kwa yule binti wa ofisini na kofia yake, angesema, 'Sasa niko peke yangu.' Alikuwa akimpenda sana yule binti. Alisema ana huruma."

Simu ya Dang ililia. Aliitazama, akasoma, akamwonyesha Glenys. Jibu la Australia Magharibi lilikuwa limefika. Lilikuwa fupi.

Glenys alirudisha simu. Alikuwa na swali moja la kazi.

"Kuna mtu yeyote aliyemzuia kuingia chumba kile? Mtu yeyote aliyemtisha?"

"Hapana."

"Basi sina mshitakiwa."

"Unaweza kulishitaki jua," alisema Ezra. Kisha akauliza, "Mashine bado inawaka?"

"Niliamuru isiguswe."

"Basi twende. Kuna kazi yangu kule. Nimeshachelewa."

Wanawake walisimama walipomwona. Hakuna aliyelia. Mama Uma alimshika mkono, akauachia, na Ezra akapita katikati yao akapanda ngazi, Glenys nyuma yake. Jikoni alisimama kidogo, akaokota kile kitambaa kikavu juu ya meza walipokiweka wapelelezi, akamtazama Glenys. Glenys alitikisa kichwa kukubali. Akakitia mfukoni.

Mbele ya mlango wa mwisho aliweka shati lake sawa. Glenys alidhani atafungua. Hakufungua. Alibisha kwa kidole, polepole, kama mtu anayebisha nyumba ya watu waliolala.

"Phineas," alisema. "Shemeji. Hodi. Ni mimi, Ezra."

Mashine ilinguruma.

Akafungua, akaingia, akavua kofia. Hakukaa kitandani. Alisimama penye miguu ya kitanda, pale ambapo mgeni husimama.

"Shemeji, mimi ndiye niliyewekwa nikuhudumie, na habari za kifo kwetu zinaletwa na mkwe, mtu kama mimi. Haziletwi na polisi wala na jirani. Kwa hiyo nimekuja mwenyewe." Aliishika kofia kwa mikono miwili. "Mama ametutoka. Jana mchana, jikoni. Alikuwa peke yake."

Alinyamaza kwa muda ambao mtu angehitaji kukaa chini, au kupiga kelele, au kuuliza ilikuwaje. Glenys alitazama lile shati jeupe. Hewa ya baridi ilikuwa ikilitikisa ukingo.

"Kukutunza mpaka siku yako ni kazi yangu sasa," alisema Ezra. "Jiwe litafunguliwa. Nitawafungua wawili pamoja, nikiishi. Lakini baridi siiwezi, shemeji. Mimi si mama. Unisamehe."

Akachukua rimoti mezani. Ilimchukua muda kukiona kitufe.

Mashine ilikohoa, ikadondosha matone ya mwisho, ikanyamaza. Nyumba nzima ikasikika: saa ya jikoni, viti vya kukunja kule nje, Merv akimwaga beseni lake upande wa pili wa uzio.

Glenys alikuwa bado kizingitini. Alihisi joto mgongoni, likitoka jikoni, likisukuma. Kwa kitambo alibaki pale ameuziba mlango kwa mwili wake, mikono yote miwili imeshika fremu. Halafu akasogea pembeni, nalo likapita, likaingia.